Kunde dirishani: mradi katika darasa la pili lenye watoto 112

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la pili shule ya msingi huku Mbagala. Darasani nina watoto 112, na chumba tunapokezana na wenzetu wa zamu ya mchana. Kwenye semina tumeambiwa watoto wajifunze kwa kutenda, tuwape miradi. Nikajaribu bustani ya mchicha. Wiki mbili zikawa fujo tupu: kumi wanachimba, mia wanakimbizana, mwalimu mkuu anakuja kuuliza kuna nini, mzazi mmoja ananiletea daftari la mwanawe halina kitu. Na mwisho wa mwaka kuna upimaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Hivi jambo hili linawezekana kwetu, au ni la shule zenye watoto ishirini darasani? Na nikilifanya, kusoma na kuandika nitafundisha saa ngapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Pole kwa wiki mbili hizo. Linawezekana, ila nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye ugonjwa. Ukiuliza utafundisha KKK saa ngapi, maana yake mradi umeuweka pembeni ya KKK, na sasa vinagombania saa. Ukiupanga hivyo utashindwa tu. Kwa darasa la pili, mradi ni kazi ambayo haisogei mpaka mtu asome kitu, aandike kitu au ahesabu kitu. Jiulize: mchicha wako ungeweza kustawi bila mtoto hata mmoja kushika penseli? Kama ungeweza, ile ilikuwa bustani, na bustani ni kitu kizuri, lakini si somo.

Nikusimulie kilichonifundisha mimi. Miaka hiyo nilikuwa katika shule moja ya Temeke, nami chumba nikigawana na zamu ya mchana kama wewe. Tulipanda kunde kwenye chupa za maji zilizokatwa, tukazipanga dirishani. Wiki ya kwanza zikaota vizuri. Wiki ya pili majani yakageuka njano, miche ikaanza kulala. Watoto wangu kuona hivyo wakaongeza maji. Kumbe wa mchana nao wakiingia wanazionea huruma, wanazimwagilia. Na chupa sikuwa nimezitoboa chini, kosa langu mwenyewe, kwa hiyo maji yalituama na mizizi ikaoza. Chupa tano zilikwenda hivyo.

Ningeweza kumwambia mwalimu wa mchana na jambo likaisha. Badala yake nikawauliza watoto tuwaambieje wenzetu ambao hatuonani nao. Wakasema tuwaandikie. Kundi moja likachukua kipande cha boksi, likaandika kwa herufi kubwa neno moja: MAJI. Wakaliegemeza dirishani, wakarudi nyumbani wameridhika. Kesho yake tunafungua mlango, chupa zimejaa hadi juu. Walinuna sana. Mmoja akasema wale wa mchana hawajui kusoma. Mwenzake akalitazama lile boksi, akasema polepole, "Tumeandika maji, wametia maji."

Bango la pili likasema MAJI HAPANA. Hilo lilifanya kazi siku tatu, mpaka ilipofika Ijumaa, siku ambayo tulitaka wenzetu wamwagilie kwa sababu Jumamosi na Jumapili hakuna mtu. Bango likabaki palepale, nao wakatii. Jumatatu udongo umekauka kama majivu. La tatu lilichukua nusu saa nzima ya kubishana, na lilikuwa na pande mbili. Upande huu: TUMEMWAGILIA ASUBUHI. MSIONGEZE MAJI. Upande wa pili: LEO IJUMAA. TUNAOMBA MTIE VIFUNIKO KUMI KILA CHUPA.

Mwezi mzima kabla ya hapo nilikuwa nafundisha kutunga sentensi ubaoni, Juma anacheza mpira, Asha anapika uji, na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza kama sentensi imekamilika. Angeuliza ya nini? Sentensi ya ubaoni haina mtu wa kuielewa vibaya. Ile ya dirishani ilikuwa naye, tena mwenye kopo la maji mkononi.

Sasa nikuambie jambo ambalo kwenye semina husikii: mradi haufundishi silabi. Mtoto ambaye hajajua kuunganisha m, b na e hataweza kwa kuangalia kunde zikiota, hata azitazame mpaka zizae. Kipindi chako cha sauti na silabi usikiguse. Kifundishe moja kwa moja, kila siku, kwa utaratibu uleule. Mtaala wa KKK ulioanza mwaka 2015 ulipunguza utitiri wa masomo ya darasa la kwanza na la pili kwa sababu nzuri, na toleo jipya la sera ya elimu la 2023 pamoja na mtaala ulioanza kutumika 2024 havijaja kukuondolea kazi hiyo. Kitakachobadilika kwenye kipindi cha silabi ni maneno tu. Darasa la pili ndipo watoto wanapohangaika na konsonanti zinazofuatana. Tazama kunde zinakupa nini bila kulazimisha: mbegu, kunde, mche, mwanga, shina, chipukizi, udongo, kumwagilia. Wiki ya kupanda ndiyo wiki yako ya mb na nd. Wiki ya kusogeza chupa kwenye jua ni ya mw na ng. Asubuhi unafundisha silabi, na kabla ya mapumziko mtoto anaikuta kwenye kazi yake.

Kwa nini nasema kunde na si mchicha? Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko chenga ya mchele. Mtoto wa miaka saba akipiga chafya moja, shamba limekwisha. Punje ya kunde inashikika, inahesabika, ina kovu dogo jeusi ambalo mtoto anaweza kulichora, na kwa joto la Dar es Salaam siku ya tatu au ya nne imekwisha pasuka. Mtoto mdogo hana subira ya wiki mbili bila kuona kitu. Robo kilo ya dukani kwa Mangi ina punje zaidi ya elfu moja, kwa hiyo hata ukimpa kila mmoja nne bado zitabaki. Muombe zile zisizobunguliwa.

Usikimbilie kupanda. Siku ya kwanza wape kila kundi punje kumi ndani ya kitambaa kibichi na swali moja: ngapi zitaota? Kila kundi liandike namba linayokisia kabla ya kufunga kitambaa. Hapa usikubali "nyingi", taka namba. Siku ya nne wanafungua, wanahesabu zilizoota na zisizoota, na kila kundi linaandika ubaoni: 7 na 3, 9 na 1, 6 na 4. Umeshapata jozi za kumi bila kuchora hata embe moja ubaoni. Halafu waulize kunde ilitoa nini kwanza, jani au mzizi. Wengi watakuwa wamekisia jani, na wataona kwa macho yao mzizi umetangulia. Wakulima wengi hufanya jaribio hilihili kabla ya kupanda, ili wasimwage jasho kwa mbegu mfu.

Sasa wingi, maana najua ulikuwa unaningoja hapo. Watoto 112 ni makundi 14 ya watoto wanane. Kosa lako la kwanza, nadhani, ni kuwatoa wote nje kwa pamoja. Mradi wako uwe dirishani au barazani, na makundi yaende kwa zamu: matatu kila siku Jumatatu hadi Alhamisi, mawili Ijumaa, yamekwisha 14. Kwa nusu saa ya kipindi watoto 24 wako kwenye chupa, 88 wako kwenye madawati wanaandika au wanasoma wawili wawili. Wale 88 wasipewe kazi ya kuwatuliza tu. Wanasoma ripoti ya kundi la jana iliyoandikwa ubaoni, wanajaza maneno yanayokosekana, wanafanya hesabu zilizotoka dirishani: kundi la Twiga limetia vifuniko kumi kila siku kwa siku nne, jumla ngapi? Kumwagilia ni kila siku, lakini hiyo ni kazi ya watoto wawili kwa kundi kabla ya mstarini, haili kipindi chako.

Ndani ya kundi kazi ni nne na kila kazi ina watu wawili: wawili wanatia maji, wawili wanapima, wawili wanaandika, na wawili wanakagua, yaani wanapima upya na kusema kama wanakubali. Kila wiki wanahama. Kwa wiki nne kila mtoto ameshika kila kazi. Bila hivyo wale watatu wachangamfu watafanya yote na wengine watakuwa watazamaji. Niliwahi kuendesha "duka" la darasa kwa wiki mbili, maboksi ya dawa ya meno na makopo ya maziwa yamepangwa vizuri kabisa, na nilipokaa kuhesabu nikakuta waliouza na kununua kwa kweli ni watoto kumi na mmoja. Waliobaki walikuwa wananishangilia.

Hao wakaguzi wawili ndio watakaokupa vipindi vyako bora. Siku moja niliwasimamisha watoto watatu wapime mche mmoja, uleule, kwa rula. Wa kwanza akasema tisa. Wa pili akasema kumi. Wa tatu akasema kumi na tisa. Darasa likacheka, nami karibu niseme jibu, nikajizuia. Nikawaambia waonyeshe vidole vyao vilianzia wapi. Wa kwanza alianzia kwenye sifuri, juu ya udongo. Wa pili alianzia kwenye moja, kwa sababu, alisema, kuhesabu kunaanza na moja, na ukimsikiliza vizuri hana ujinga wowote. Wa tatu alisimamisha rula juu ya ubao wa dirisha, akapima na chupa yenyewe. Kila mmoja alisoma namba sawasawa. Walichotofautiana ni mahali pa kuanzia, na baada ya hapo sikuhitaji kuwaeleza tena sifuri ya rula ni ya nini.

Kabla ya rula lakini, anza na ukanda wa karatasi. Kila kipimo, wanakata ukanda wa urefu wa mche, wanaandika tarehe, wanaubandika ukutani pembeni ya ule uliotangulia. Baada ya vipimo vitano, ukuta unaonyesha ngazi inayopanda, na mtoto asiyejua kusoma jedwali anasoma ukuta. Hiyo ni grafu, ingawa hujataja neno hilo. Karatasi za mitihani iliyopita zinatosha, usinunue karatasi za manila.

Na kwa kuwa nimeitaja manila, nitoe dukuduku langu. Neno mradi linatuponza. Kwa Mtanzania mradi ni kuku wa mayai, ni bodaboda, ni kibao cha mfadhili getini. Kwa shule za kulipia mradi umekuwa manila yenye picha za rangi ambayo kila mtu anajua imechorwa na baba saa nne usiku. Na kwa sisi wa zamani mradi ni shamba la shule, jembe begani, jua kali, na mazao ambayo hatukujua yalikwenda wapi. Watu wanalaumu Elimu ya Kujitegemea kwa hilo, lakini waraka wa Mwalimu Nyerere wa Machi 1967 haukusema watoto walime tu. Ulitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua, na waone kwa macho yao faida au hasara ya walichoamua. Jembe tulilichukua, uamuzi tukaubakiza ofisini. Huko Marekani nako jambo ni la zamani: mwanafalsafa wa elimu John Dewey alifungua shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896, watoto wakipika, wakifuma na kuchonga mbao, na mwanafunzi wake William Heard Kilpatrick akaandika juu ya njia ya mradi mwaka 1918. Kwa hiyo ukiambiwa semina imeleta kitu kipya, tabasamu tu, endelea na kunde zako.

Uamuzi ndio unaokosekana mara nyingi kwenye miradi ya watoto wadogo, kwa sababu tunaogopa watakosea. Wape maamuzi madogo ya kweli. Kundi hili liweke chupa yake dirishani, lile liweke nyuma ya kabati. Hili litie vifuniko kumi, lile vitano, lile lisitie kabisa. Wachague wenyewe, waandike walichochagua, wakae nacho. Chupa ya nyuma ya kabati itarefuka haraka, nyembamba, imepauka, na kwa siku kadhaa wenye chupa hiyo watatamba kwamba wao ndio wanaongoza kwa urefu. Usiwakatishe. Ngoja ilale. Siku hiyo watakuuliza swali ambalo ungewauliza wewe wangekupa jibu la kukariri: mwalimu, mbona mrefu ndiye amekufa?

Kuhusu mzazi na daftari tupu: alikuwa na haki. Mimi nilikuwa na daftari moja kwa kila mtoto lenye kurasa za nyuma za kunde: tarehe, mchoro, urefu, sentensi moja. Mwanzoni sentensi ni moja tu na wanainakili, kufikia wiki ya tatu wanaitunga. Mzazi akifungua daftari anakuta "Kunde yetu ina majani manne. Jana yalikuwa mawili." Hataona bustani, ataona mwanawe anaandika. Na kila Ijumaa wape swali la kupeleka nyumbani. Muulize bibi au mama: majani ya kunde hupikwaje? Jumatatu utapata nazi, utapata karanga, utapata nyanya na kitunguu tu, na utapata ugomvi mtamu ambao unaandikika ubaoni kama orodha na kuhesabika: nyumba ngapi nazi, ngapi karanga. Usichangishe chochote. Chupa wataokota, udongo upo. Ule wa kwetu ni mchanga mtupu, kwa hiyo uchanganye na samadi kidogo ya kuku kutoka kwa jirani, iliyokauka vizuri, na baada ya kushika udongo wanawe mikono. Chupa zikatwe na wewe nyumbani, si na watoto, na safari hii zitobolewe chini.

Mwalimu mkuu mkaribishe kabla hajaja mwenyewe, lakini si siku ya kwanza. Mwite wiki ya pili, na usimweleze wewe. Mpe mtoto kazi ya kumsomea ukuta. Kelele hazitaisha, ila kelele za watoto wanaobishana kama ni tisa au kumi zina sauti yake, na mwalimu mzoefu akisimama mlangoni anaitambua. Ishara ya kunyamaza muifanyie mazoezi kabla hujaleta hata punje moja: mkono wangu juu, mikono yao juu, midomo imefungwa. Siku mbili za mchezo huo zinatosha. Wathibiti ubora wa shule wakija, andalio la somo lisiandikwe "mradi wa kunde". Liandikwe umahiri wenyewe: kupima urefu kwa sentimita, kuandika sentensi ya kukataza, kusoma maneno yenye mb na nd. Kunde ziwekwe kwenye sehemu ya zana. Huo si ujanja, ndivyo ilivyo.

Kama kunde hazikuvutii, zipo kazi nyingine za ukubwa huohuo. Taka za uwanjani kwa wiki moja, zikitengwa na kuhesabiwa kwa vizibo, kila kizibo kitu kimoja, mpaka watoto waseme wenyewe ni taka gani inaongoza na waandike barua kwa darasa linaloongoza kutupa. Safari za kuja shule: nani anatembea, nani anapanda daladala, nani analetwa na bodaboda. Zote zinafaa. Safari ya soko la samaki la Feri sikushauri, si kwa watoto 112 na walimu wawili.

Upimaji wa mwisho wa mwaka usikutishe, lakini usiuache mpaka mwisho. Kila baada ya wiki mbili chukua watoto watano wale unaowahofia, mmoja mmoja, mpe mistari mitatu ambayo haina uhusiano wowote na kunde, asome. Akikwama, mrudishe kwenye silabi alasiri hiyohiyo, na dirishani awe mwandishi pamoja na mwenzake anayejua, si mtia maji. Wale wanyonge wa kusoma huwa wanapenda kweli kutia maji, na wenzao huwaachia. Hapo usilale.

Mchicha uliobaki uwape wa darasa la nne wautunze. Wewe anza na vitambaa 14 na punje 140, Jumatatu yoyote isiyo na kikao, ili siku ya nne ya kufungua isiangukie Jumamosi.